Saidia Fundi wa Kompyuta

Kwenye fukwe za Pangani na Kigombe, na popote katika mwambao wa Tanga ambako mashua bado zinaundwa kwa mkono, kijana anayeingia kazini haanzi kwa kushika tezo. Anaanza kwa kushikilia ubao fundi anapotoboa kwa keekee. Anachambua pamba ya kalafati, anaponda chokaa ya deheni, anachota maji, anaokota misumari iliyodondoka mchangani. Siku akiambiwa akalafati mwenyewe, fundi atapita nyuma yake akibonyeza maungio ya mbao kwa kidole gumba, na penye ulegevu pamba itang'olewa, kazi ianze upya. Atakapokabidhiwa tezo achonge taruma lake la kwanza, kijana huyo atakuwa ameshaona mataruma mengi yakichongwa hatua mbili kutoka alipokaa. Mchoro wa karatasi haupo. Mchoro uko katika jicho la fundi, na anayetaka kuurithi hana budi kukaa karibu na jicho hilo.

Mjini Tanga, tangu Ngamiani hadi Raskazone, ndugu yake wa kazi ya ujenzi huitwa saidia fundi. Huyu hukoroga zege na kupandisha tofali. Akikomaa kidogo hupewa ukuta wa ndani apige lipu, kwa kuwa kosa la ukuta wa ndani hurekebishika kabla mwenye nyumba hajaliona. Kona ya nyumba haigusi mpaka fundi aridhike kwamba mkono wake na timazi vimekubaliana. Kila mtu pale saiti anajua saidia fundi yuko ngazi gani, na mwenyewe anajua amebakiza nini.

Kiswahili kimelihifadhi jambo hili ndani ya maneno yake. Fundi, mafunzo, mwanafunzi na kufunda ni maneno ya shina moja. Anayeitwa fundi na hana anayemfunda ameacha nusu ya jina lake njiani. Wahenga nao walisema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, na methali hiyo huchukuliwa kuwa habari ya urithi wa ukoo. Inafaa isomwe pia kama maelezo ya karakana. Anayevukuta amesimama karibu na fuawe, anaona chuma kikibadilika rangi, anajua nyundo ishuke lini. Kuvukuta ni kazi ya chini, lakini imewekwa mahali pa kujifunzia.

Sasa mfuate kijana wa Tanga aliyesomea uhandisi wa kompyuta. Amemaliza chuo, amepanda basi la Dar es Salaam kupitia Segera na Chalinze, karibu kilomita 350, kwa sababu huko ndiko ziliko kampuni nyingi za programu. Akibahatika, anaajiriwa. Siku ya kwanza anapewa kompyuta mpakato, nenosiri na orodha ya kazi. Mhandisi mkongwe wa timu ana miradi mitatu mkononi na wateja wanaopiga simu hadi usiku. Kijana anaambiwa atajifunza humu humu, na kweli atajifunza, kwa njia ya gharama kubwa: atanakili vipande vya msimbo kutoka mtandaoni, vitafanya kazi kwa sababu asizozijua, na wa kwanza kugundua kosa lake atakuwa mteja aliyekatwa pesa mara mbili. Miaka mitatu baadaye bado anatengeneza fomu na kubadili rangi za vitufe, kwa kuwa hakuna aliyekaa naye kumwonesha jinsi mfumo mzima unavyoshikana.

Hali hii haitokani na roho mbaya. Inatokana na hesabu. Kampuni humtoza mteja kwa saa za kuandika programu, na saa ya kumwelekeza kijana haina mstari wake kwenye ankara. Mkongwe anayeketi na mwenzake mchanga asubuhi nzima huonekana jioni kuwa hakufanya kitu. Baada ya miezi michache ya kuonekana hivyo, naye huziba masikio kwa spika za masikioni na kuendelea na kazi yake. Hoja inayotetewa hapa ni moja: saa za kufundisha ni saa za kazi. Zisipoandikwa kwenye mpango wa mradi, zisipopewa mwenyewe wala kulipiwa, timu zitaendelea kulalamika kwamba wahandisi wazuri hawapatikani, huku zimewakalisha pembeni vijana ambao wangekuwa wahandisi hao.

Uchache wa wakongwe nao una historia yake. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta katikati ya miaka ya 1960, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni, isipokuwa kwa kibali. Mitambo ilikuwa ghali na Watanzania wa kuiendesha walikuwa wachache. Marufuku hiyo ililegezwa polepole, na ndiyo maana hata televisheni Bara ilisubiri hadi mwaka 1994 ITV ilipoanza kurusha matangazo. Kizazi ambacho leo kingekuwa na mvi na miaka 40 ya kuandika programu ni kidogo mno. Ukimtafuta seremala wa umri wa babu hapo Ngamiani utampata kabla ya adhuhuri. Fundi wa programu wa umri huo ni adimu nchi nzima, na matokeo yake ni kwamba mtu mwenye miaka minane kazini hujikuta ndiye mzee wa fani, akiwa na vijana kumi wanaomtazama.

Wahandisi wa barabara, majengo na umeme walilikabili tatizo lao mapema. Tangu mwaka 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango wa uanagenzi kwa wahitimu: miaka mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kijana akiandika taarifa za alichofanya na msimamizi akizithibitisha, ndipo aombe kusajiliwa kuwa mhandisi kamili. Norway ilichangia fedha ili wahandisi wanawake wengi zaidi waupitie. Mpango huo haukumaliza kila shida, lakini umekiri hadharani jambo ambalo fani ya programu bado inalikwepa, kwamba shahada ni ruhusa ya kuanza kujifunza kazi. Kijana hawezi kusimamisha daraja la Mto Pangani bila jina la mtu mzima nyuma yake. Mfumo unaobeba mishahara ya wilaya nzima anaweza kuugusa peke yake, saa nne usiku, katika mwezi wake wa kwanza.

Wapo waliojaribu kuigeuza kazi ya kulea kuwa biashara kamili, na kisa chao kinastahili kukumbukwa kwa urefu. Andela ilianzia Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka uliofuata, kisha Kampala na Kigali. Ilichagua vijana wachache kati ya maelfu walioomba, ikawalipa wakati wa mafunzo, halafu ikawaunganisha na kampuni za Marekani na kwingineko. Vijana walizifanyia kazi kwa mbali huku wakiendelea kujifunza, kwa mpango wa miaka minne. Mwaka 2016 taasisi ya Mark Zuckerberg na mkewe Priscilla Chan iliongoza uwekezaji wa dola milioni 24 katika kampuni hiyo. Januari 2019 zikaja dola milioni 100 nyingine. Ilionekana kama Afrika Mashariki imepata karakana yake kuu.

Septemba ya mwaka huo huo Andela ilitangaza kuwaachisha kazi watu wapatao 250 Nigeria na Uganda, wengi wao wahandisi wachanga, na kwamba wengine 170 wa Kenya huenda wakaguswa. Mkuu wake, Jeremy Johnson, alieleza waziwazi: soko lilitaka wazoefu, vijana walikuwa wengi kuliko nafasi, na kampuni ilipanga kuajiri wahandisi wazoefu 700 hadi mwisho wa mwaka 2020. Mpango wa kulea wachanga ukafungwa katika nchi hizo.

Wengi walikitafsiri kisa hicho kuwa ushahidi kwamba vijana wa Kiafrika walifundishwa haraka mno au vibaya. Tafsiri hiyo haiwatendei haki. Baadhi ya waliopita mikononi mwa Andela leo wanaongoza timu Nairobi, Kampala na Ulaya. Tatizo lilikuwa katika swali la nani analipa. Kampuni ya New York haikuwa na sababu ya kugharimia ukuaji wa kijana wa Kampala; ilitaka kazi yake iishe. Mwenye kuagiza mashua Pangani naye hana haja ya kumlea mtu, lakini haletewi hesabu ya mwanagenzi kama bidhaa ya pekee. Gharama ya mwanagenzi imo ndani ya bei ya chombo, na kazi yake ndogo ndogo inampunguzia fundi muda. Andela ilimtoa mwanagenzi ufuoni ikamuuza peke yake. Kijana alikaa jengo zuri la Nairobi, na fundi ambaye kazi yake alikuwa akiifanya alikaa ng'ambo ya bahari, amelala wakati kijana ameamka.

Ukaribu uliokosekana hapo ndio alioukuta mwanaanthropolojia Jean Lave alipowachunguza washona nguo wa Monrovia, Liberia, katika miaka ya 1970. Wanagenzi wale hawakufundishwa kwa mpangilio wa kutengeneza nguo. Walifundishwa kinyumenyume. Walianza na vifungo na pindo, wakaja kwenye kushona vipande, na kukata kitambaa kukawa mwisho kabisa. Kifungo kilichokaa vibaya hung'olewa, kitambaa kilichokatwa vibaya kimekwenda. Tena aliyemaliza nguo nyingi huwa ameshalijua umbo lake kabla hajapewa mkasi. Mwaka 1991 Lave na Etienne Wenger waliandika kitabu kutokana na mambo ya aina hii, na kimekuwa nguzo katika elimu ya namna watu wanavyojifunza kazini.

Programu nazo zina vifungo na pindo zake. Kuandika majaribio yanayothibitisha kwamba sehemu fulani inafanya kazi. Kusoma kumbukumbu za seva baada ya hitilafu. Kuyaweka maneno ya kwenye kioo cha simu katika Kiswahili ambacho mama lishe wa Makorora atakielewa mara moja. Hizi ni kazi ndogo zenye makosa rahisi, na kila moja inamwonesha kijana umbo la mfumo mzima, mradi awepo karibu mtu anayekata kitambaa na yuko tayari kuulizwa kwa nini amekata hapo. Anayebadili rangi za vitufe kwa miaka mitatu naye anashona vifungo. Aliyeshona vifungo Monrovia alikuwa chumba kimoja na mkasi.

Njia ya kawaida ya kuwaweka chumba kimoja ni kusoma msimbo wa mwenzako kabla haujapandishwa hewani. Google ilipoianzisha desturi hiyo, lengo lake la kwanza lilikuwa kuwalazimisha watu waandike msimbo ambao wenzao wanaweza kuuelewa. Katika timu nyingi za Dar es Salaam usomaji huo hufanywa juu juu, mkongwe akibonyeza kitufe cha kukubali akiwa kwenye daladala. Kidole gumba cha fundi wa mashua hakipiti hivyo. Maelezo mawili ya maana kwenye msimbo wa kijana, yakisema kipande hiki kitazidiwa watumiaji wakiwa elfu kumi na kwa sababu gani, yanazidi semina ya siku mbili hotelini, ingawa semina ndiyo inayopigiwa picha.

Mfano ulio karibu zaidi na Tanga, na unaotia moyo, uko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko kuna timu ya mtandao wa HISP, ulioanza Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka mwaka 1994 na ukakuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Mtandao huo ndio chanzo cha DHIS2, mfumo wa takwimu za afya unaotumika leo katika nchi zaidi ya 70. Tanzania ilijiunga mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kufikia mwaka 2013 DHIS2 ilikuwa imeenea nchi nzima. Takwimu za kliniki za wajawazito, chanjo na malaria zinazotoka vituo vya Muheza, Korogwe au Lushoto hupita humo.

Kinachovutia ni namna watu walivyolelewa. Wanafunzi wa shahada za juu hawakupewa mazoezi ya kubuni. Waliingizwa kwenye mfumo halisi wa Wizara ya Afya, pamoja na walimu wao. Walifika wilayani kuwafundisha watumishi wa afya kuingiza takwimu, na huko waliona kwa macho yao jinsi fomu ndefu inavyojazwa na muuguzi mwenye foleni ya akina mama mlangoni. Walirudi Dar es Salaam wakijua kwa nini kurasa zinatakiwa ziwe fupi. Baadhi wakaendelea hadi shahada ya uzamivu, wakawa wao wanaolea, na sehemu za programu walizoandika zikatumika nje ya Tanzania. Gharama ziligawanywa kati ya chuo, wizara na wafadhili, kwa hiyo hapakuwa na mteja mmoja aliyeulizwa kama yuko tayari kulipia ukuaji wa mtu. Udhaifu wa mpango wa namna hii ni kutegemea fedha za nje. Mwaka 2025, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, sekta ya afya ilijionea jinsi fedha hizo zinavyoweza kukatika.

Kuna pia OpenMRS, mfumo wa kutunza majalada ya wagonjwa uliozaliwa mwaka 2004 kwa ushirikiano wa wataalamu wa Marekani na wa Eldoret, Kenya, ambako ulianza kutumika mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, na jumuiya yake ina ngazi zinazojulikana za wasanidi programu, toka mgeni asiyejua kitu hadi wale wachache wanaoongoza. Kila ngazi imeelezwa: mtu awe amefanya nini, na awe amewasaidia wengine kwa namna gani. Kazi rahisi hutengwa makusudi na kuwekewa alama ili wageni wazikute. Kijana wa Pongwe mwenye kompyuta na kifurushi cha intaneti anaweza kuanza leo usiku, na akipanda ngazi, amepanda mbele ya watu wote. Ni nadra kwa kampuni za hapa nyumbani kuwa na karatasi moja inayosema mhandisi wa daraja la kwanza anatofautianaje na wa daraja la pili. Kupandishwa kunategemea nani alikuwa karibu na bosi mwezi huo.

Mambo ya ukaribu wa namna hiyo huwaumiza wasichana zaidi. Malezi yasiyoandikwa hufanyika mahali pasipoandikwa: kijiweni baada ya kazi, kwenye mpira wa jioni, ndani ya gari la safari ya kwenda kwa mteja. Msichana anayetakiwa awe nyumbani kabla ya magharibi hukosa nusu ya masomo bila mtu yeyote kukusudia kumnyima. Mashirika kama AkiraChix la Nairobi, lililoanza mwaka 2010, na Apps and Girls la hapa Tanzania yamewafikisha wasichana wengi mlangoni mwa fani hii. Ndani ya mlango, saa mbili za kufundishwa zilizopangwa asubuhi, ofisini, mbele ya kila mtu, zingewafaa kuliko kongamano la mara moja kwa mwaka.

Waajiri wana jibu lao, na halipuuziki: nikimfundisha, ataondoka. Ni kweli huondoka. Kijana wa Dar es Salaam aliyekomaa hupata kazi ya Nairobi au ya Berlin bila kuhama chumba chake. Baadhi ya waajiri hutaka kumfunga kwa mkataba wa miaka na faini, njia ambayo huwabakiza wasio na pa kwenda na kuwafukuza wenye kuthubutu. Mwajiri aliye mkweli aangalie pia upande wa pili wa hesabu, yaani gharama ya kutomfundisha na abaki. Fred Brooks, aliyesimamia programu za mitambo mikubwa ya IBM katika miaka ya 1960, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 kwamba watu wapya wakiletwa kwenye mradi uliokwisha kuchelewa, mradi hurudi nyuma, kwa sababu wanaoujua huacha kazi wawaelekeze wageni. Maana yake ni kwamba gharama ya kufundisha hulipwa kwa vyovyote. Asiyeilipa mapema wakati kuna utulivu huilipa usiku wa kuamkia kukabidhi kazi, akiwa ameajiri watu watano kwa pupa.

Tishio jipya ni akili mnemba, na hili linagusa msingi wenyewe wa uanagenzi. Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Erik Brynjolfsson, walichapisha uchambuzi wa malipo ya mishahara Marekani. Waligundua kwamba ajira za wasanidi programu wa umri wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimeshuka kwa karibu asilimia 20 kutoka kilele cha mwishoni mwa mwaka 2022, huku wale wenye umri mkubwa wakiendelea vizuri. Mashine inakoroga zege na kupandisha tofali, tena kwa dakika. Bosi anauliza saidia fundi wa nini. Swali hilo linatazama mwaka mmoja tu mbele. Wakongwe wa leo watachoka, na hakuna mashine iliyokaa miaka kumi na mfumo wa bandari ikajua kwa nini ulijengwa vile. Kinachofaa ni kumbadilishia kijana kazi ya chini: apewe alichoandika mashine akichambue mstari kwa mstari, aseme wapi kutavuja, na fundi akae pembeni yake akimpima. Ni kidole gumba kile kile juu ya pamba ile ile ya kalafati, na safari hii mwanagenzi ndiye anayebonyeza.

Yote haya yana uzito wa pekee Tanga kwa sababu ya kinachoendelea Tanga. Bandari ambayo kwa miaka mingi meli zake zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa matishari imechimbwa hadi kina cha mita 13 na kujengewa gati la mita 450, kwa zaidi ya shilingi bilioni 429. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Mafuta yale yana nta nyingi, hivyo bomba limeundwa lipashwe joto njia nzima na kuangaliwa kwa vihisio na programu saa 24. Mashine hizi zote zinakuja na msimbo ndani yake, na mara nyingi msimbo huo unakuja na watu wake. Kanuni za mwaka 2017 za ushiriki wa Watanzania katika sekta ya mafuta na gesi zinamtaka mwekezaji awe na mpango wa kurithisha nafasi za wageni kwa wananchi. Kanuni ni nzuri. Mpango wa kurithisha unaoandikwa kwa majina ya vyeo, bila jina la fundi wala la mwanagenzi, hauwezi kumfikisha mtu kwenye kiti cha chumba cha kuongozea mitambo.

Historia ya M-Pesa inaonesha urithi huo huchukua muda gani. Huduma ilianza Kenya mwaka 2007 kwa mfumo ulioundwa Uingereza, na seva zake zilikaa Ujerumani. Zilihamishiwa Kenya mwaka 2015. Kwa miaka minane, nchi iliyoifundisha dunia kutuma pesa kwa simu ilikuwa na moyo wa huduma hiyo Ulaya.

Tanga yenyewe imewahi kuwa mahali ambapo vijana walikabidhiwa mitambo ya wakati wao. Shule ya serikali iliyofunguliwa mjini hapa mwaka 1892, chini ya Wajerumani, ilikuwa na karakana na mtambo wa kuchapia, na humo ndimo lilimotoka gazeti la Kiswahili la Kiongozi mwanzoni mwa karne iliyopita. Lengo la mkoloni lilikuwa kupata makarani wa kumtumikia, na halipambiki. Hata hivyo wanafunzi wale walipanga herufi za gazeti lenye wasomaji wa kweli, na kosa lao lilionekana na watu wa kweli. Leo mji una STEM Park, iliyoanzishwa na Projekt Inspire pamoja na halmashauri ya jiji kwa msaada wa Fondation Botnar ya Uswisi, ambako watoto wa shule huchezea roboti na vifaa vya sayansi. Ina Shule ya Ufundi, ina VETA. Mtoto anaweza kuwasha taa kwa msimbo wake mwenyewe akiwa na miaka 12. Akifika miaka 23 anapanda basi la Segera, kwa kuwa kilichokosekana ni karakana ya baada ya shule: ofisi ya hapa hapa yenye mfumo halisi, fundi aliyetengewa saa zake, na ngazi zilizobandikwa ukutani.

Karakana hiyo haihitaji jengo jipya. Mamlaka ya maji, bandari, halmashauri na Hospitali ya Rufaa ya Bombo zote hununua mifumo au hulipia matengenezo yake kila mwaka, kwa mikataba yenye kurasa nyingi kuhusu dhamana na adhabu. Kinachowezekana katika zabuni inayofuata ni kuongeza ukurasa mmoja wa majedwali: jina la kijana, jina la mhandisi atakayemlea, saa za malezi kwa wiki na bei yake, orodha ya kazi atakazopewa kuanzia majaribio hadi matengenezo ya usiku, na tarehe ambayo atashika zamu peke yake, mzabuni akiwa amekaa pembeni na simu mkononi.